Wanaocheka Watupishe

Lipo neno ambalo limezoea kusemwa barazani na maofisini, na siku hizi husemwa hata na watu waliosoma, tena kwa sauti ya mtu anayekata hukumu, kwamba Mwafrika ni mnunuzi, si mbunifu. Ati kazi yetu sisi ni kungoja meli. Sindano itoke nje, kufuli itoke nje, kitana kitoke nje, hata kijiti cha kuchokolea meno kitoke nje, nasi tusimame gatini na fedha mkononi. Na mwananchi akijaribu kuunda kitu chake mwenyewe kwa bati na misumari, wa kwanza kumcheka si mgeni, ni jirani yake.

Sisi tunaozunguka vijijini na mitaani kwa kazi ya Chama tumelisikia neno hili mara nyingi mno, na leo twataka kulijibu. Hatutalijibu kwa matusi, wala kwa majigambo ya bure, maana majigambo hayajapata kumshibisha mtu. Twalijibu kwa mambo yaliyotokea, yenye mwaka na mahali pake, ambayo kila mwenye kutaka aweza kuyahakikisha.

Twendeni kwanza Lushoto. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, kijana mmoja wa kidato cha tatu, jina lake Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kungoja yapoe, ndipo kuyaweka katika friji. Lakini nafasi ndani ya friji ilikuwa chache na wanafunzi waliigombea. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, alichanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha kabisa, akayatia. Mpemba naye akaona akingoja yapoe atapitwa, akayatia yangali moto. Baada ya saa moja na nusu wakafungua. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akaenda kumwuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kuwa. Kijana akanyamaza. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, na huyo akamwambia kwamba yeye huyatia friji yakiwa bado moto, kwa sababu hivyo ndivyo yanavyoganda upesi.

Simameni hapo kidogo, ndugu. Mchuuzi wa aiskrimu wa Tanga alikuwa na elimu ambayo haikuwamo katika kitabu cha mwalimu, naye alikuwa akiitumia katika biashara yake. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyedhani kwamba mtu mwenye ndoo na kijiko aweza kujua kitu kinachostahili kuandikwa.

Mpemba akaendelea na masomo Mkwawa, Iringa. Huko nako aliuliza, na mwalimu akamwambia kwamba fizikia hiyo ni ya Mpemba peke yake, si ya ulimwengu. Tangu siku ile darasa zima likafanya mzaha. Mpemba akikosea hesabu huambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Hata alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama kuuliza swali lake mbele ya watu, wenzake walicheka, na wengine wakamshutumu kwamba amekusudia kuwaaibisha. Yule mgeni hakumkatiza. Alimwambia alirudie swali, akaahidi kwamba atakwenda kujaribu. Alipofika Dar es Salaam akamwagiza fundi wake wa maabara ajaribu kweli. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa! (Hapo hata sisi twaruhusu kicheko.) Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapa habari hiyo pamoja katika jarida moja la Uingereza la walimu wa fizikia, na tangu hapo jambo hilo linajulikana duniani kote kwa jina la Mpemba.

Wataalamu wanalibishania mpaka leo. Wako waliolipata na wako walioshindwa kulipata. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapa kwamba wao hawakuliona. Vema, na wabishane, ndiyo kazi yao. Sisi hatusimulii habari hii kwa ajili ya barafu. Twaisimulia kwa sababu ndani yake wamo watu wote tunaowajua: mtoto mwenye macho, mchuuzi mwenye ujuzi, mwalimu mwenye haraka, darasa lenye kucheka, na mtu mmoja tu aliyesema ngoja nikajaribu. Osborne huyo mmoja hupita kwa bahati. Wale wenye kucheka wako kila kijiji.

Sisi wengine tumepita katika chuo cha ualimu, na twajua jambo hili linavyoanza. Mwalimu huandaa somo, huandika swali na jibu lake, na mtoto akileta jibu lisilokuwamo katika andalio basi amekosa. Hatumlaumu mwalimu peke yake. Ana wanafunzi themanini mbele yake, mtihani waja, mkaguzi yuko njiani, na chaki imekwisha. Lakini hebu fikirini mtoto huyo anakuwa mtu wa namna gani baada ya miaka kumi na moja ya kujifunza kwamba swali lisilo kitabuni ni utovu wa adabu. Anakuwa karani hodari. Akiona bomba linavuja hataziba, ataandika barua.

Watatujibu kwamba hiyo ni habari ya darasani, haikuleta bidhaa sokoni. Haya, twendeni sokoni.

Huko Goma, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya biashara, tangu miaka ya 1970 watu hutumia chombo kiitwacho chukudu. Ni mfano wa baiskeli isiyo na pedeli wala mnyororo, ya mti mtupu, magurudumu yake ni ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Huteremka nacho kutoka milimani kikiwa na mamia ya kilo za viazi, makaa na mbao. Hakuna kiwanda cha Ulaya kilichowatumia mchoro. Wenyewe waliutazama mteremko wao, wakautazama mzigo wao, wakatazama mti uliopo na tairi lililotupwa, wakaunda. Mjini Goma wamekijengea chombo hicho sanamu ya rangi ya dhahabu. Sisi twaijua miji ambayo ingempiga mwenye chukudu faini kwa kuharibu sura ya barabara.

Au litazameni jiko la udongo na bati, lile la kiuno chembamba ambalo wengi wenu mnalo jikoni. Zamani jiko la mkaa lilikuwa la bati tupu, moto ukipotelea ubavuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Kenya ndipo likaundwa hili la sasa. Wazo la kutia udongo wa kuchoma ndani yake lilitoka Thailand, wala hatuoni haya kusema hivyo, maana akili ya mtu mwingine si haramu. Lakini halikupokewa kama lilivyokuja. Lilibadilishwa likafuata upishi wetu: udongo ukawekwa nusu ya juu, na kitako kikapanuliwa ili lisiyumbe mtu akisonga ugali. Mtu asiyesonga ugali hangelijua hilo hata angesoma vyuo saba. Nao mafundi wa jua kali wa Nairobi, wa Shauri Moyo na kwingineko, ndio walioliteremsha bei hata likafika kwa mtu wa kawaida. Jiko hili hula mkaa pungufu kwa kama theluthi moja mpaka nusu ya lile la zamani. Pigeni hesabu wenyewe ya mkopo mmoja wa mkaa kila siku, kwa nyumba moja, kwa mwaka.

Na mwenye kudhani kwamba haya ni mambo ya jana, aende Buhaya. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapa habari za matanuri ya kale ya huko, wakaeleza kwamba yapata miaka elfu moja na mia tano au zaidi iliyopita watu wa nchi ile walikuwa wakipata chuma cha pua kwa hewa iliyopashwa moto kabla haijaingia tanurini. Wazee wa Kihaya waliokuwa wangali wakiikumbuka kazi hiyo ndio waliojenga tanuri la kujaribia. Wajukuu wao leo hununua jembe lililotoka ng'ambo.

Basi ubunifu upo, na ulikuwapo. Twauliza, ni nini kinachouua?

La kwanza tumekwisha kulitaja, nalo ni kicheko. La pili ni jambo jipya kidogo, tena limevaa nguo nzuri. Siku hizi umezuka mtindo wa kukusanya vijana katika ukumbi wa hoteli, kuwagawia vikaratasi vya rangi, na kuwaambia wabuni bidhaa mpya hamsini kabla ya chakula cha mchana. Kila mmoja aandike lolote limjialo kichwani, abandike ukutani. Hatupingi kukaa pamoja na kutafuta mawazo. Babu zetu walikaa chini ya mti na hawakuhitaji vikaratasi. Tunachopinga ni kutafuta mahali yasipokuwapo. Ukutani huandikwa friji inayosema, programu ya simu ya kumwita dobi, saa ya kumkumbusha mtu anywe maji. Anywe maji! Katika nchi ambayo kuna mama anayetembea saa nzima kuyafuata! Mawazo hayo si mabaya kwa kuwa ni mageni, ni mabaya kwa kuwa hayakutokana na tatizo la mtu yeyote aliyemo ukumbini. Yamenakiliwa kutoka katika matatizo ya watu wengine. Jioni watu hupiga picha, hugawana vyeti na posho, kisha mama mfagizi huingia kuvifagia vile vikaratasi, ameinama mgongo mzima kwa fagio fupi la chelewa, na mgongo unamwuma. Kutwa nzima wamebuni bidhaa, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza yeye.

La tatu ni kubwa kuliko yote mawili, maana hapa ndipo fedha ilipo. Kitu kikishabuniwa na watu wetu, na kikaonekana kina faida, huandikwa kwa jina la nani?

Kabla ya mwaka 2007 watu wa Kenya na nchi jirani walikwisha anza kutumiana muda wa maongezi wa simu kana kwamba ni fedha. Kijana wa mjini hununua vocha, huisoma namba yake kwa simu mpaka kijijini, na mama yake huiuza dukani akapata unga. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha. Ni shida ya nauli na wezi wa njiani iliyowafundisha. Kampuni za simu zikauona mwendo huo wa watu, na mwezi wa Machi 2007 Safaricom ikaanzisha M-Pesa huko Kenya. Ni kazi njema, hatuikatai, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Lakini jina na haki ya mtambo wenyewe vilikuwa vya Vodafone ya Uingereza, na kampuni ya Kenya ikawa ikilipa ada kwa ajili yake, mpaka mwaka 2020 Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini ziliponunua haki hizo. Miaka kumi na mitatu! Mama wa kijijini aliyeuza vocha apate unga ndiye aliyeonyesha njia. Hatusemi apewe hisa. Twasema tu kwamba wenye kuona njia ni wengi, na wenye kuiandikisha ni wachache, na hao wachache walikuwa mbali.

Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikishiwa huko kwao jina la kikoi liwe alama yake ya biashara. Kikoi! Vazi alilovaa babu yako akienda kuvua. Wafumaji wa Kenya na rafiki zao wakapinga, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Hapo tulishinda, kwa sababu kuna watu waliokesha. Maneno hakuna matata nayo yaliombwa na kampuni ya Disney mwaka 1994, na mwaka 2003 yakaandikishwa Marekani kwa ajili ya fulana. Watu wetu wengi walikuja kuyasikia habari zake mwaka 2018, ndipo wakaanza kukusanya sahihi za malalamiko. Sisi tulikuwa tukisema hakuna matata, wenzetu wakaona yapo, wakaenda ofisini mapema.

Sasa tazameni mahali ambapo mambo haya yote yamekutana, nako ni Zanzibar, katika mwani. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza huko mwaka 1989, na wengi wa wanaousimamia ni wanawake. Maji yakipwa hushuka pwani, hufunga vipando katika kamba zilizotandwa baina ya vijiti, huinama kwa saa nyingi jua likiwapiga na chumvi ikiwala miguu. Mwani hukaushwa, hutiwa magunia, hupelekwa ng'ambo. Huko hutolewa kitu cha kugandishia kinachotiwa katika dawa ya meno, katika madawa ya hospitali, na katika aiskrimu. (Aiskrimu tena! Mpemba angecheka.) Mwenye gunia analipwa kwa kilo ya jani kavu, na anayenunua ndiye anayepanga bei.

Kisha bahari ikaanza kupata joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri, ile wanayoiita kotonii, ikawa inakufa katika maji ya kina kifupi. Hapo wanawake wangeweza kukaa wakalia. Hawakukaa. Pamoja na mtafiti wa mambo ya bahari, Dk. Flower Msuya, walijaribu kupanda kwa nyavu ndefu za mviringo katika maji ya kina zaidi, ambako joto ni pungufu. Tena tangu mwaka 2006 ulipoanza umoja wa kuendeleza mwani wa Zanzibar, wamejifunza kuusaga uwe unga, na kwa unga huo hutengeneza sabuni na vitu vingine vya kuuza. Mche wa sabuni ya mwani una bei ambayo gunia la jani kavu haliwezi kuiota, ukihesabu kilo kwa kilo. Hawa hawakugawiwa vikaratasi vya rangi. Walianza na tatizo lililowashika mkono, wakakutana na mtu wa elimu asiyewacheka, wakajaribu, wakaharibu, wakajaribu tena.

Na hapa twataka kuwajibu wenzetu wengine, wa upande wetu wenyewe, wasemao kwamba sabuni na majiko ni mambo madogo, taifa lataka viwanda vikubwa. Viwanda vikubwa vyatakiwa, nani kakataa? Lakini kiwanda kikubwa kinachonunuliwa kwa mkopo, pamoja na mashine zake, fundi wake na skrubu zake, ili kutengeneza kitu kilichobuniwa na mtu mwingine, ni duka kubwa zaidi tu la mali ya wengine. Skrubu moja ikikatika kazi husimama mpaka meli ije. Nchi ambayo watu wake hawajazoea kuunda kitu kidogo haitajua la kufanya na kikubwa. Na wala serikali haikulala usingizi katika jambo hili: SIDO ipo tangu 1973, na huko Arusha CAMARTEC ipo tangu 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini. Majengo yapo. Swali letu ni hili: ni wangapi kati yetu waliopata kuingia mlangoni wakiwa na kitu mkononi? Na waliopo ndani, ni mara ngapi wametoka wakaja kisimani? Kila mwaka mwezi wa Agosti twaona mashine nzuri katika maonyesho ya Nanenane. Zimepakwa rangi, zina maelezo, viongozi huzipigia makofi. Mwaka unaofuata twaziona zile zile, zimepakwa rangi upya.

Kwa hiyo twayaomba matawi yaanze wenyewe, bila kungoja barua kutoka juu. Kila mwezi kikao kimoja kiwe cha jambo hili, na kiwe na taratibu zake. Mtu asije na wazo, aje na kero. Mwenye wazo hulipenda kama mtoto wake na hukasirika likiguswa. Mwenye kero anataka iishe tu, haijali ni nani atakayeimaliza. Na kero isemwe na mwenyewe inayemwuma, siyo na katibu kwa niaba yake. Hivyo akina mama watasema kwanza na watasema zaidi, na wanaume waliozoea kushika usukani wa vikao itawabidi wavumilie, maana kazi nyingi zenye kuumiza ziko jikoni, kisimani na shambani, na huko wao huonekana kwa nadra.

Kisha kero ihesabiwe. Haitoshi kusema kukuna nazi kwachosha. Yachukua dakika ngapi nazi moja? Vidole hukatika lini, mwanzo au mwisho wa kifuu? Mzee asiyeweza kukaa chini juu ya mbuzi anafanyaje? Na hapa msidharau kilichopo. Mbuzi wa kukunia nazi ni kazi ya akili nyingi: uzito wa mwenye kukaa ndio unaokishika kile kibao kisisogee, na mikono yote miwili hubaki huru. Aliyekiunda hatumjui jina, lakini alikuwa amehesabu. Atakayekibadili naye ahesabu, asije akaleta chuma kizito cha umeme katika nyumba isiyo na umeme.

Kicheko kipigwe marufuku katika kikao hicho, na mwenyekiti asione haya kumtoa nje mwenye kucheka, hata akiwa ni mkubwa. Vitu vya kuundia viwe ni vile vinavyopatikana ndani ya mwendo wa siku moja, ili kikivunjika kitengenezeke. Kikishaundwa apewe yule mwenye kero akitumie juma zima, na fundi anyamaze, asisimame nyuma yake kumweleza namna ya kukishika. Akikirudisha akasema hakifai, hakifai. Mkikipata chenye kufaa kweli, na ni kipya, msikimbilie Sabasaba kukionyesha. Kitu kilichokwisha onyeshwa hadharani huweza kukataliwa hataza kwa kuwa si kipya tena. Tanzania Bara waendeeni BRELA kwanza. Zanzibar wana ofisi yao. Karani akisema hamna cheti cha uhandisi, mwambieni hamkuja kuandikisha cheti.

Tawi moja limekwisha anza, nalo limeanza na fagio. Akina mama wanaofagia masoko na shule walisema kwamba migongo inawauma kwa sababu fagio la chelewa ni fupi, na kulifunga kwenye fimbo ndefu wamejaribu, lakini chelewa hulegea na kuchomoka baada ya siku mbili, kwa kuwa haliwezi tena kugongwa kitako likakazika. Fundi bati akakata kopo kuukuu la rangi, akalikunja mfano wa pia, akazipitisha chelewa kwa ndani mpaka shina likakwama lenyewe, kwa hiyo kadiri mtu afagiavyo ndivyo linavyokaza. Wakapewa wanawake wanne kwa juma moja. Watatu walirudi wakasema chelewa hazikuchomoka hata moja, ila fimbo ya mwembe ni nzito, mkono unakufa ganzi kabla ya saa nne. Wa nne alikataa kulirudisha. Sasa wanatafuta mwanzi, na fundi anataka kujua kama kopo la maziwa litatosha badala ya la rangi, maana la rangi huuzwa na la maziwa hutupwa.